Msaada: Lori la marehemu babu limelala tangu 1994, hata jina lake hatukubaliani

Mjukuu_wa_Mkonge:
Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Babu yangu alitangulia mbele ya haki mwaka jana huko Muheza. Kati ya vitu alivyoacha kuna lori limesimama nyuma ya nyumba tangu 1994. Mwaka naukumbuka kwa sababu ndio nilioanza darasa la kwanza, na safari yake ya mwisho ilikuwa ya kubeba matofali ya choo cha shule. Alilinunua kwenye shamba la mkonge walipokuwa wanauza vitu chakavu.

Picha zinagoma kupanda, kwa hiyo naeleza kwa maneno. Lina pua ndefu, siyo hizi za kebini juu ya injini. Kioo cha mbele kimejikunja kuja pembeni. Usukani kulia, tairi sita, tairi zote zimeoza. Grili ya mbele haipo, na jina lililokuwa juu yake limeng'oka, yamebaki matundu tu. Bodi la mbao limeliwa na mchwa na kuna mwarobaini umeota katikati yake, sasa una unene wa mkono wangu. Kwenye siti kuna kuku anaatamia.

Baba anasema ni Chevrolet. Mjomba anasema "Bedifodi". Jirani naye anaapa ni Austin. Kuna mtu wa vyuma chakavu ametaja laki saba na anataka kuja na gesi kulikata Jumamosi.

Naomba kujua: hii ni gari gani, na inaweza kuamka tena au tunajidanganya?

KobeMwendaPole:
Uza, mkuu. Laki saba ni laki saba. Chuma cha tangu 1994 kinafufuliwa na Yesu tu.

SpanaMkononi:
Usimsikilize huyo. Jumamosi mwambie mwenye gesi umepata msiba.

Kwanza kahesabu yale matundu ya jina. Herufi za chuma za namna hiyo mara nyingi zinakaa kwa miguu miwili. Chevrolet ina herufi tisa, Austin sita, Bedford saba. Matundu yenyewe yatakuamulia kesi ya baba na mjomba.

Mjukuu_wa_Mkonge:
Nimehesabu asubuhi hii. Ni 14.

SpanaMkononi:
Mjomba ameshinda.

Mwana_wa_Thika:
Pole pole hapo. Leyland pia ni herufi saba 🙂

Nawasalimu kutoka Kenya. Tafuteni kibati cha namba, ndicho hakidanganyi. Angalia chini ya boneti kwenye ukuta wa kebini, ama karibu na mlango. Usikwangue kwa msasa ama brashi ya waya, utafuta maandishi. Lowesha na mafuta ya taa, ngoja, pangusa na kitambaa, halafu mulika tochi kutoka upande, si kutoka mbele. Maandishi yaliyolika huonekana kwa kivuli.

Mjukuu_wa_Mkonge:
Kibati nimekipata, ubavuni mwa kebini upande wa injini. Nimefanya ya mafuta ya taa, imenichukua kama saa nzima. Kinachosomeka ni "…XHALL MOTORS L…". Chini yake kuna herufi J, halafu tarakimu imeliwa na kutu, inaweza kuwa 5 au 6. Sasa XHALL ndiyo kampuni gani tena? Nimechanganyikiwa zaidi.

Mzee_wa_Ngambo:
Marahaba mjukuu. Hiyo ni Vauxhall, na Vauxhall ndiyo waliokuwa wakitengeneza Bedford kule Uingereza, kiwanda cha malori kikiwa Dunstable. Mjomba wako ana haki, na baba yako hajakosea sana: mwenye Vauxhall alikuwa General Motors wa Marekani, huyo huyo mwenye Chevrolet. Ndiyo maana sura zao zinakwenda kama ndugu.

Hiyo yako ni Bedford ya J, tuliyokuwa tukiiita ya pua. Zilianza kutoka 1958. J1 ndiyo ndogo, tani moja na nusu, na namba ikipanda na mzigo unapanda, mpaka J6 ya tani saba. Sisi Unguja tulizipanda kama abiria, bodi la mbao, mabenchi, ndizi na kuku juu. Mtu unashuka mgongo umekufa ganzi lakini umefika.

SpanaMkononi:
Naongezea ya Mzee. Wapakistani ndio wafalme wa hizi gari. Yale malori yao yaliyorembwa maua na tausi kila mahali, mengi ni Bedford hizi hizi za pua, wao wanaziita Rocket. Maana yake kwako ni kwamba vipuri havijafa. Ukikwama kwenye kipuri, tafuta mtu mwenye njia ya Karachi kabla hujaanza kulia.

Sasa injini. Ina plagi na distributa, au ina nozeli na mabomba membamba ya chuma?

Mjukuu_wa_Mkonge:
Plagi sita. Kwa hiyo petroli, siyo?

Halafu nikiri dhambi. Juzi kabla sijasoma majibu vizuri nilijaribu kufungua nati za tairi ya mbele kushoto ili niweke magogo. Tulipanda watu wawili juu ya bomba, stadi mbili (zile boliti zinazoshika gurudumu) zimekatika.

FundiMwanaidi:
Uuuwi. Pole kaka.

Kwenye Bedford nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume. Unazungusha kama unakaza. Upande wa kulia ni kama kawaida. Mlikuwa mnakaza kwa nguvu za watu wawili, stadi zisingepona. Futa kutu kwenye kichwa cha stadi, mara nyingi utaona L imegongwa, yaani "left", kushoto.

Na spana zako za milimita weka kando, hiyo gari ni ya inchi. Wengi wanadanganyika kwa sababu spana 19 inakaa vizuri kwenye robo tatu, na 16 inakaa kwenye tano kwa nane. Ukija kwenye nusu inchi ukaweka 13, inacheza, unakula pembe za nati. Kwenye tisa kwa kumi na sita ile 14 haiingii kabisa na 15 inaogelea. Nunua seti moja ya inchi, hata ya mtumba, itakuokolea mwezi mzima.

Mimi nina gereji ndogo, nimefufua trekta na Land Rover kadhaa. Nakupa utaratibu wangu. Usifunge betri. Usivute na trekta ikiwa kwenye gia, tafadhali sana. Watu wakiona gari limelala wanataka livutwe lipige. Kama pistoni zimekamata, hapo unapinda kondrodi (mkono wa pistoni) au unavunja ringi, na injini iliyokuwa inaokoleka inakuwa ya kupima kwa kilo.

Toa plagi zote sita. Changanya dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yale mekundu, nusu kwa nusu, mimina kidogo kila tundu. Acha wiki. Ongeza. Acha tena. Baadaye ingiza hendeli ya mbele, ile inayopita kwenye tundu la bampa, uisukume kwa uzito wa mwili tu, mbele na nyuma. Ikikataa usilazimishe, funguo inayofuata ni kutoa hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda.

Wakati unasubiri, shughulika na breki. Watu wanafanya kinyume, wanaamsha injini kwanza, halafu furaha inawatoa barabarani na gari la tani sita lisilosimama. Hizo breki ni za mafuta, zinasaidiwa na hewa ya kunyonya ya injini. Mipira yote ya masta silinda na silinda za magurudumu imekufa, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Mabomba ya chuma pia yanaoza kwa ndani. Usiokoe kitu hapo.

KobeMwendaPole:
Dada Mwanaidi unampa matumaini. Petroli ya sasa na injini ile? Hizo zilizoea petroli yenye risasi, yale madini ya ledi.

FundiMwanaidi:
Hoja yako ina ukweli, Kobe. Petroli ya risasi iliondoka huku kwetu mwaka 2006, na injini za zamani zilikuwa zinaitegemea kulinda siti za valvu. Kwa gari la kwenda harusini mara mbili kwa mwaka haina shida. Kwa gari la kubeba mawe, siti za valvu za kutolea moshi zitalika polepole. Dawa ipo: hedi ikishatoka, inapelekwa kwa wachongaji wanaweka siti ngumu. Lakini hedi itoke kwa sababu nyingine, usiitoe kwa hilo peke yake.

DerevaWaUsiku:
Mimi naona mnamzungusha bure. Ng'oa hiyo injini, weka 4D33, injini ya lori dogo la Mitsubishi Canter. Dizeli, vipuri kila duka, fundi kila kona. Hiyo petroli sita silinda ikipanda mlima wa Lushoto itakunywa mshahara wa ukoo mzima.

Mzee_wa_Ngambo:
Na ukiweka ya Canter utakuwa na Canter yenye pua.

DerevaWaUsiku:
Yenye pua na yenye kazi, mzee wangu. Heshima haibebi mchanga.

Mwana_wa_Thika:
Wote mko sawa, inategemea anataka lori ama anataka babu. Ila Mjukuu, ujue injini ukibadilisha, namba yake inabadilika kwenye kadi. Hilo ni la kumalizana na TRA, mamlaka ya mapato, kabla trafiki hajafungua boneti.

Mjukuu_wa_Mkonge:
Kadi ipo, ya jina la babu, imekunjwa kwenye bati la biskuti. Gari bado ni la mirathi.

SpanaMkononi:
Basi kabla hujanunua hata plagi moja, nendeni mahakamani mteue msimamizi wa mirathi. Nimeona jamaa amemaliza pesa zake kufufua trekta ya baba yake. Siku ilipounguruma tu, wajomba watano wakakumbuka kwamba na wao ni warithi. Lilipokuwa chuma hakuna aliyekuwa na undugu nalo.

Mjukuu_wa_Mkonge:
Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba. Barua ya usimamizi imetoka, msimamizi ni baba. Mwenye gesi amekuja mara mbili, mara ya pili alifika laki tisa.

Tulimimina yale mafuta wiki tatu. Silinda tano kati ya sita zilinyonya, ile namba tano ikabaki imejaa vile vile. Hendeli haikusogea hata unywele. Nikampata fundi mmoja mzee hapa Muheza, akasema tutoe hedi. Tumeitoa. Kichujio cha hewa kilikuwa hakipo miaka yote, kwa hiyo majani ya mwembe na maji ya mvua yamepita kwenye kabureta yakaishia silinda ya tano, valvu yake ilikuwa imelala wazi. Ukuta wake una kutu kama ganda la mti. Nyingine zina weusi tu. Ndani ya bomba la moshi kulikuwa na nyumba za nyigu, tumezitoa kwa waya, ndoo nusu.

Fundi amepima mdomo wa silinda kwa rula ya seremala: inchi tatu na saba kwa nane.

FundiMwanaidi:
Hiyo ni habari njema. Injini za petroli za hizi gari ni mbili kuu. Ndogo inaitwa 214, silinda yake ni inchi tatu na tatu kwa nane. Yako ni 300, zaidi kidogo ya lita 4.9. Majina yote mawili ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. Hapo na ile J5 au J6 ya kibati vinaelewana, wewe una la mzigo mzito.

Silinda ya tano usiikwangue kwa msasa wa mkono. Pangusa kwa kitambaa chenye yale mafuta, kila siku, kutu ilainike, pistoni ishuke yenyewe. Ikishazunguka ndipo tutajua kama ni ya kupigwa msasa wa mashine au ya kuchongwa.

Tangi la petroli je?

Mjukuu_wa_Mkonge:
Lina tundu chini. Kuna kijana wa kuchomelea amesema analiziba kesho.

FundiMwanaidi:
Mzuie leo hii, mpigie sasa. Tangi la petroli hata likiwa tupu miaka thelathini lina mvuke kwenye ule utandu wa ndani. Moto ukigusa linalipuka kama bomu. Mimi silichomelei, natafuta jingine au natengenezewa jipya la bati. Kwa kujaribu injini, ning'iniza dumu dogo lenye mpira, mbali na moshi na mbali na koili.

Na siku ya kufunga betri, usikimbilie kuweka hasi kwenye bodi kwa mazoea. Gari nyingi za Kiingereza za enzi hizo zilifungwa chanya kwenye bodi. Fuata ule waya mnene wa zamani unaokwenda kwenye chesisi, angalia kishikio chake: kichwa cha chanya cha betri ni kinene kuliko cha hasi.

Mjukuu_wa_Mkonge:
Kijana nimemzuia, amenuna.

Leo saa kumi jioni, siku ya kumi na mbili ya kupangusa ile silinda, nimeingiza hendeli nikaiegemea kama mlivyosema. Nilisikia mlio kama mtu anavunja muwa, halafu ikaenda. Robo mzunguko. Nikarudisha nyuma, nikaenda mbele tena, pistoni ya tano ikashuka ikaacha pete ya kutu ukutani. Hadi magharibi tumefika mzunguko mzima. Kuku tumemhamisha na mayai yake, hajafurahi.

Baba alikuwa kibarazani muda wote anajifanya anasoma gazeti. Mwisho akauliza, "Chevrolet imezunguka?"

Sikumbishia.

Mwana_wa_Thika:
Hongera sana! Ukifika kwenye tairi, usijaze upepo kabla hatujaona picha za rimu. Kama zina ringi ya chuma ya kufungia pembeni, ile ikiruka inakata kichwa. Ipelekwe kwa mtu wa tairi za malori, ifungwe mnyororo ndipo ijazwe.

KobeMwendaPole:
Mkuu, mwarobaini mmeshaung'oa? Kama bado, nina shida na majani yake.