Kulipia huduma ya onlaini ya gari kwa mwaka: faida au natupa hela? Ushauri tafadhali (Arusha)

Mjukuu wa Sakina (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni, poleni na baridi wale wa hapa mjini. Naomba ushauri wa haraka maana kuna mtu anasubiri jibu langu. Nina Harrier imetoka Japani, injini safi, bodi safi, haina tatizo lolote. Sasa kuna jamaa wa umeme wa magari kaniambia hii gari ina mfumo wake wa kiwandani wa kuunganisha na simu, yaani ukishaulipia unaona gari liko wapi, limetembea kilomita ngapi, milango imelokiwa au la, likiwashwa tu unapata meseji. Anasema Japani wenzetu wanalipia kila mwaka, hapa kwetu umelala tu kwa sababu malipo yamekatika, yeye anauamsha kwa laki nne na nusu kwa mwaka. Swali langu ni moja tu, ina faida au ni mbwembwe? Naomba tusitoke nje ya mada.

Loshoro Baridi
Nimekaa siti ya dirishani. Wajuzi waje.

Mangi wa Kiborloni
Laki nne na nusu ya kuambiwa gari iko wapi?? Gari si umeipaki mwenyewe. Hiyo hela weka tairi mbili za maana na sevisi ya injini oil, utanishukuru ukishuka na mvua pale Usa River. Watu wa Arusha mna hela za kuchezea aisee.

SpanaKumi
Mkuu hujajitosheleza. Harrier ya mwaka gani? Na kwenye skrini kuna maandishi gani, G-BOOK au T-Connect? Halafu nani anaiendesha, wewe au mtu mwingine?

Mjukuu wa Sakina
Mwaka sidhani kama ndio ishu, mfumo ni wa Toyota walewale. Kwenye skrini nimeona G-BOOK. Anayeendesha ni dereva, inafanya hire za KIA (uwanja wa ndege) na harusi za wikiendi. Ila nilichouliza ni faida ya huduma, siyo biashara yangu.

dada_Tengeru
Mimi hizi huduma za kulipia vitu ambavyo tayari viko ndani ya gari zinanikera kuliko maelezo. BMW mwaka 2022 walileta kwenye baadhi ya nchi, Uingereza ikiwemo, unalipia kwa mwezi ndio kiti kipate moto, kiti kile kile kimeshafungwa kiwandani! Watu wakapiga kelele, 2023 wakaachana nayo. Ingawa nikiwa mkweli, hapa Arusha mwezi wa saba saa kumi na moja alfajiri ningelipa.

Mangi wa Kiborloni
@dada_Tengeru nyie vaeni masweta.

SpanaKumi
Mleta uzi nisikilize vizuri, mwaka NDIO ishu. G-BOOK ni huduma ya zamani ya Toyota, ilianza 2002 hukohuko Japani, na waliifunga rasmi tarehe 31 Machi 2022. Siku hiyohiyo KDDI, kampuni ya simu ya kule Japani, nao wakazima mtandao wao wa 3G, ambao ndio vifaa vya ndani ya hizo gari vilikuwa vinautumia. Kwa hiyo hakuna cha kuamsha, seva haipo, mtandao haupo. Hata mwenye gari kama lako akiwa Tokyo leo, ana hela mkononi, hana pa kulipia.

Na hata lingekuwa la T-Connect ambayo ndiyo ilikuja baadaye, ile ni huduma ya Japani. Modemu iko ndani ya gari na laini yake, mkataba ni wa mmiliki wa kule, na inaongea na mitambo ya kule. Gari likishapanda meli kile kifaa kinabaki chuma tu.

Umeshampa huyo jamaa hela?

Mjukuu wa Sakina
Asante mkuu kwa maelezo marefu. Lakini jamaa ana ofisi kabisa, ana kompyuta, na alinionyesha kwenye simu yake Crown ya mteja wake ikitembea kwenye ramani kutokea Kijenge mpaka Mnara wa Saa, laivu, nikaiona kwa macho yangu. Sasa kama seva imefungwa ile nilikuwa naangalia nini? Labda wamefungua seva nyingine, mambo ya teknolojia hayasimami.

SpanaKumi
Hujajibu swali. Umeshampa hela?

Mjukuu wa Sakina
Nimetanguliza laki mbili tu ya kuagizia kodi, yaani zile namba za kufungulia mfumo. Si hela yote.

Loshoro Baridi
"Ya kuagizia kodi" hahahaaa. Kodi yenyewe inakuja na meli?

Kibosho Juu
Mimi nataka kuongelea madereva kwa sababu naona hapo ndipo panapowasha. Nilikuwa na Noah inapiga Moshi Arusha, nikaifunga traka nzuri tu. Wiki za mwanzo raha, naangalia simu nikiwa kitandani. Baadaye hesabu ikaanza kupungua huku ramani inaonyesha gari linazunguka hukuhuku nyumbani, nikasema labda abiria hamna. Sasa jioni moja nimekaa naifuatilia, naona Noah imekata kulia imeingia kwenye kinjia cha migomba huku kwetu Kibosho, kinjia ambacho hata toroli linapita kwa kuomba njia, na haipunguzi mwendo! Nikatoka mbio na tochi mpaka pale. Nikakutana na bodaboda. Kijana kachomoa traka kwenye gari kaiunga kwenye betri ya pikipiki ya rafiki yake, ameifunga chini ya siti na mpira wa ndani wa baiskeli, kazi safi kabisa, waya mwekundu kwa mwekundu. Noah yenyewe ilikuwa Singida imebeba alizeti. Alizeti! Kwenye viti nilivyotoka kushona mwezi huohuo.

dada_Tengeru
🤣🤣🤣 waya mwekundu kwa mwekundu

Mangi wa Kiborloni
Huyo kijana ungemwajiri fundi.

Bibi Harusi 2
Na wewe mleta uzi, kwa nini usikae na huyo dereva ukaongea naye kama binadamu? Mnapenda kuchunga watu kwa simu halafu mnalalamika hawana uaminifu. Mlipe vizuri, mpe siku ya kupumzika, utaona. Na tena siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, kumfuatilia mtu kimyakimya bila kumwambia siyo jambo la kujisifia mtandaoni.

SpanaKumi
Naomba nirudi. Kama shida yako ni kujua gari liko wapi basi traka ya kawaida inatosha, laki na nusu mpaka mbili pamoja na kufunga, unaweka laini, bando dogo la mwezi, ukitaka unaongeza rilei inayokata pampu ya mafuta. Kwa nini hutaki traka?

Mjukuu wa Sakina
Traka nilishaifikiria siku nyingi. Shida traka mtu anaiona, kuna waya. Dereva wangu ni mtundu, anafungua dashibodi mwenyewe akibadilisha taa. Mimi nataka kitu ambacho ni cha gari lenyewe, akikiona ni cha kiwandani hawezi kuuliza. Na siyo kwamba simwamini @Bibi Harusi 2, ni mdogo wake mke wangu, nimemlea, ada yake ya VETA nimetoa mimi. Ila juzi kaleta gari saa sita usiku, mlango wa kuvuta wa upande wa abiria umekwaruzwa mpaka bati linaonekana, nauliza anasema ni mbuzi. Mbuzi wa Kisongo. Mbuzi gani anakwaruza kwa mstari ulionyooka?

Loshoro Baridi
Ngoja ngoja ngoja. Simamisheni gari.

Harrier ina mlango wa kuvuta tangu lini???

Mangi wa Kiborloni
Eeeh!

Loshoro Baridi
Nilikuwa nimekaa kimya nakunywa mtori wangu. Wakuu hii ni chai, tena ya rangi. Harrier inapiga hire za harusi na KIA, ina mlango wa kuvuta, mbuzi anachora kwa rula, fundi anaagiza kodi Japani. ID yenyewe ina posti za kuhesabu. Mimi nasema huyu ni muuza traka, kesho atatokea mwenzake hapa "mimi nilifungiwa na fulani, namba hii". Tunapotezewa muda.

Kibosho Juu
Dah, nami nimeshamwaga siri zangu za alizeti hapa.

dada_Tengeru
Mleta uzi njoo ujitetee, la sivyo tunahamia kwenye picha za magari.

Mjukuu wa Sakina
Siyo chai. Gari ni Alphard ya 2012, niliandika Harrier makusudi kwa sababu shem naye huwa anapita humu, Alphard zinazopiga KIA zinajulikana. Hilo sioni kama ni uongo, nimeficha tu kama watu wote wanavyoficha majina humu. Wala siuzi traka, ningekuwa nauza ningekuwa natafuta ushauri wa nini?

SpanaKumi
Sawa, Alphard. G-BOOK yake imekufa vilevile. Swali la mwisho, hiyo "kodi" ikifika jamaa amekwambia ulete nini?

Mjukuu wa Sakina
Amesema niende na gari nusu siku, na laini ya simu ambayo haijatumika, niwe nimeshaisajili kwa kidole.

SpanaKumi
Basi umejijibu. Mfumo wa kiwandani hauhitaji laini yako uliyosajili kwa kidole. Anakufungia traka ya laki na nusu nyuma ya redio, anaita Toyota, na kila mwaka unampa laki nne na nusu. Ile Crown uliyoiona ikipita Mnara wa Saa nayo ina traka. Na shem wako anayefungua dashibodi ataikuta palepale, maana nafasi nyuma ya redio ni hiyohiyo.

Mjukuu wa Sakina
Labda kwa Crown. Lakini kwangu amesema atapitishia kwenye mfumo wa gari wenyewe. Na hata kama ni traka, kama imefungwa vizuri na haionekani, bado si nimepata nilichotaka? Naona kama mnapinga tu.

dada_Tengeru
Kaka yangu unauliza ushauri au unatafuta mashahidi?

Na mfumo wa kiwandani wenyewe usiuone mtakatifu. Mei 2023 Toyota wenyewe walitangaza taarifa za wateja milioni 2.15 wa Japani, mpaka gari lilikuwa wapi na saa ngapi, zilikaa wazi mtandaoni tangu Novemba 2013 mpaka Aprili 2023, wa G-BOOK humohumo. Na dada yangu yuko Uingereza ana Nissan Leaf ya zamani, gari la umeme, Aprili 2024 Nissan wakazima apu kwa Leaf za kabla ya 2016 kwa sababu kifaa chake kinatumia 2G, mtandao wa kizamani. Alikuwa anapasha gari joto kutokea jikoni, sasa anakwangua barafu na kadi ya benki. Kwangu mimi ukiwa huko ulaya na gari jipya, umewekewa miaka ya mwanzo bure, tumia. Ikiisha lipa ya usalama tu kama wizi umezidi mtaani kwenu. Gari la mtumba huku, usimlipe mtu yeyote kwa jina la kiwanda.

Bibi Harusi 2
Mimi nina swali ambalo hamjauliza nyie mafundi. Shem wake, hire za harusi, "sitaki aulize"... kadi ya gari ina jina la nani?

Loshoro Baridi
Uuuwi. Bibi Harusi umetisha.

Mangi wa Kiborloni
Kimya kinatawala.

Mjukuu wa Sakina
Kadi ina jina la wife. Lakini hela ya kuagizia tulichanga, yeye alitoa kikoba chake mimi nikalipa ushuru, na mimi ndiye ninayepeleka sevisi. Sioni inahusiana nini na G-BOOK.

Bibi Harusi 2
Inahusiana nini!! Gari la mkeo, linaendeshwa na mdogo wake, hesabu inapelekwa kwa nani? Kwa mkeo. Sasa wewe unataka kulifungia kifaa gari la mtu bila mwenyewe kujua. Huyo shem labda hesabu anapeleka yote, ila haipiti kwako.

Kibosho Juu
Hapo kwenye "haipiti kwako" naona tumefika nyumbani.

Mjukuu wa Sakina
Dada unanihukumu bure. Sijasema hesabu ni yangu, nataka tu kujua gari linashinda wapi, likipata ajali huko nani ataulizwa? Ni mimi. Mbuzi nani alimlipia rangi? Mimi.

SpanaKumi
Mkuu rangi ni rangi. Kesho asubuhi nenda kwa jamaa, mwambie akuandikie kwenye risiti jina la huduma anayouza na nani anaitoa. Akiandika traka, mnajadili bei ya traka. Akikataa kuandika, dai laki mbili yako. Kifaa hajafunga, hana cha kukata.

Mjukuu wa Sakina
Nimempigia sasa hivi. Anasema kodi imeshalipiwa, haiwezi kurudi, labda aniuzie kwa mtu mwingine mwenye Alphard. Au niongeze laki moja anifungie yote wiki hii. Nafikiria hiyo laki moja.

Mangi wa Kiborloni
USIONGEZE.

dada_Tengeru
Usiongeze kaka.

Loshoro Baridi
Niliposema chai nilikosea, hakuna muuza traka anayejiuza vibaya hivi. Usiongeze. Na ukienda kudai nenda na mwenye kadi, wanawake wa hapa mjini laki mbili hawaiachi ofisini kwa mtu.

Bibi Harusi 2
Sasa itabidi amwambie ilikuwa ya nini.

Mjukuu wa Sakina
Ntamwambia ilikuwa ya redio.

Chalii wa Himo
Wakuu samahani kuingilia, mmetaja redio. Ya kwangu ni ya Kijapani inaanzia 76 inaishia 90, napata stesheni mbili tu na moja ni mahubiri. Kuna fundi Moshi mjini anafunga kile kiboksi cha kuongeza mawimbi, na kinaenda shilingi ngapi?