MJADALA: Dola ikishaanguka, Ufalme wa Chumvi apewe mrithi au mgeni?

Mwenye Mada (Lubumbashi)
Wandugu, tulifungue hili wazi kabla sura ya nne haijaandikwa, maana kila mtu anavutia kwake. Kwa wanaoingia leo: hadithi yetu ya kikundi inaanza miaka 40 baada ya Dola ya Ziwa kuanguka. Mji mkuu wake ulikuwa mwendo wa siku 30 kaskazini, sasa ni magofu na nyasi. Kilichobaki ni Ufalme wa Chumvi: bonde lenye udongo wa chumvi, vilima vya shaba mwendo wa siku 4 kusini, na uwanda wa mtama na mihogo unaolisha watu 60,000 hivi. Farasi hakuna, ng'ombe wa kukokota hakuna, tumeweka mbung'o kama kwetu Katanga. Kila kitu kinapita kichwani au begani.

Wanaotaka kiti ni wawili. Mmoja ni mrithi wa cheo, babu yake alikuwa liwali wa Dola bondeni. Wa pili ni mfanyabiashara aliyekuja na msafara kutoka mashariki, ana bunduki 200 na anajua njia ya pwani. Nani atawale, na kwa nini utawala wake usimame zaidi ya mvua mbili? Asiyeleta hesabu ya chakula na mizigo asipige kura.

Kilolo wa Ruashi
Niko upande wa mrithi, na sisemi hivyo kwa ajili ya damu. Angalieni Walunda: mfalme wao mkuu ni Mwant Yav, mji wake Musumba, na Kazembe alikuwa chifu wake wa mashariki. Aliyerithi cheo alichukua jina la aliyemtangulia, wajane wake, watoto wake na udugu wake wote. Ikiwa Kazembe wa kwanza alihesabiwa kuwa mtoto wa Mwant Yav, basi kila Kazembe anayefuata ni mtoto wa kila Mwant Yav anayefuata, hata kama miaka 100 imepita na damu zao hazijui kama zinahusiana. Ndiyo maana Kazembe aliyekaa kwenye mto Luapula tangu karne ya 18 aliendelea kujihesabu mtu wa Musumba na kupeleka kodi ya heshima huko, ng'ambo ya mto Lualaba, bila jeshi la kumlazimisha. Udugu wa vyeo haufi na mtu. Bunduki 200 haziwezi kununua kitu cha namna hiyo.

Sasa namna ya kukijenga kwenye hadithi. Vyeo viwe 12 hivi, visizidi, la sivyo msomaji atapotea na nyinyi waandishi pia. Kila cheo kipewe udugu wa kudumu na vingine: huyu mjomba wa yule, yule shemeji wa huyu. Halafu wawekeni watunza-kumbukumbu, kama wale wa chama cha Mbudye kwa Waluba, waliosoma historia kwa vidole juu ya lukasa, ubao wenye shanga na simbi. Siku ya kumsimika mtu, wao ndio wanaosema huyu anaingia katika jina gani.

Na kinachoharibika: mkiwaweka wote katika mji mkuu, siku mji unachomwa kumbukumbu inaungua nayo. Kesho yake wanatokea watu watatu, kila mmoja anasema jina ni lake, na hakuna wa kuwaamua. Watawanyeni sehemu tatu tangu mwanzo.

Mchora-ramani
Kilolo, maneno mazuri, lakini jina haliliwi. Tufanye hesabu.

Mbeba mzigo mmoja: kilo 30, kilomita 20 kwa siku, na anakula kilo 1 ya unga kwa siku, kwenda na kurudi. Akitoka siku 5 mbali (kilomita 100), anakula 5 akija, anabakiza 5 za kurudia, ghalani zinaingia 20. Akitoka siku 10, zinaingia 10. Akitoka siku 15, yaani kilomita 300, amekula mzigo wote na mfalme amepokea salamu. Kwa hiyo ufalme huu hauwezi kutoza nafaka mbali. Ndani ya siku 2 au 3 toza unga. Zaidi ya hapo toza vitu vidogo vyenye thamani kubwa: chumvi, shaba, pembe.

Baraza la watu 1,000 (mfalme, wake, askari, wapishi, wageni) linakula kilo 365,000 kwa mwaka. Ukizitoa mwendo wa siku 2, kila safari inafikisha kilo 26: ni safari 14,000 za siku 4, jumla siku-kazi 56,000. Ukizitoa siku 5, ni safari 18,250 za siku 10, jumla siku-kazi 182,500. Mara tatu na zaidi, na ni watu walewale waliotakiwa kuwa shambani.

Mtasema mbeba mzigo alishwe na vijiji vya njiani. Hiyo ni kodi ya pili iliyofichwa, na vijiji si vijinga: vinahama kando ya njia. Baada ya miaka michache barabara kuu ya ufalme inapita katikati ya pori tupu, msafara unabeba chakula chake wenyewe, tunarudi kwenye hesabu ya juu. Yeyote mtakayemchagua, mrithi au mgeni, mpeni kwanza ghala kila mwendo wa siku 2 na mtu wa kulijaza. Akikosa hilo, cheo chake kinaishia pale unga unapoishia.

Mutoto ya Kenya
Ba yaya, mie wa commune ya Kenya, hapa Lubumbashi, niko na ulizo moja tu. Munasema unga, munasema majina. Juu ya nini hamusemi baruti? Bunduki bila baruti ni fimbo ya bei kali.

Hesabu yangu ni fupi. Risasi moja inakula gramu 8 hivi za baruti. Bunduki 200, kila moja ipige mara 30, ni kilo 48. Vita nzima inabebwa na watu wawili! Njo maana mugeni anakuwa na nguvu: hahitaji mizigo mingi kama mfalme wa unga, anahitaji njia isifungwe tu. Lakini ikifungwa, amekwisha. Kutengeneza mwenyewe? Shura (ile chumvi ya baruti) sehemu 75, makala (makaa) 15, sulfa 10. Makala tuko nayo. Shura inatoka ku samadi ya zamani na mukojo, na nyinyi mulitoa ng'ombe. Mutakwangua samadi ya mbuzi na mapango ya popo, mupate kidogo. Sulfa bondeni haiko kabisa. Na masika baruti inanyonya maji mu pipa, inashikana, inatoa moshi bila nguvu.

Angalia M'Siri wa Bunkeya. Alitoka Unyamwezi kama mufanyabiashara, akajenga ufalme wa Garenganze pale penye Walunda na Waluba walikuwa banalegea. Njia zake za baruti zilikuwa mbili, Benguela magharibi na pwani ya mashariki. Wasanga, watu wa inchi ile aliyoitawala, walipoasi, baruti ikapunguka, chakula nacho. Msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold II mufalme wa Ubelgiji, ulifika Bunkeya Desemba 1891 ukakuta njaa. Tarehe 20 Desemba wakamuua. Siku chache tu! Ufalme wa bunduki unaanguka kwa mukono wa ule anafunga barabara.

Mama wa Kamalondo
Mdogo wangu wa Kenya amesema vizuri, lakini wote mnazungumza kama chumvi inaokotwa. Nani anaichemsha?

Kazi iko hivi. Kuanzia Mei hadi Septemba, mvua ikiwa haipo, udongo wa juu unatoka weupe. Unakwanguliwa asubuhi mapema, kina cha kidole tu, kwa sababu ukichimba zaidi unachanganya matope matupu. Unajazwa kwenye chungu kilichotobolewa chini, juu ya tabaka la nyasi. Maji yanamiminwa kidogo kidogo. Yale yanayodondoka unayapima kwa yai: likielea, yapelekwe motoni, likizama, yarudishwe juu ya udongo mpya. Asiyekuwa na subira akachemsha maji mepesi anamaliza kuni siku nzima apate konzi moja. Yakianza kuwa mazito moto unapunguzwa na mkono haupumziki kukoroga, la sivyo chumvi inashika chini na chungu kinapasuka. Ikikauka inafungwa kwa majani, imebanwa iwe kama nguzo fupi, kwa sababu chumvi iliyo wazi ikipigwa na umande wa wiki moja mzigo unayeyuka mgongoni mwa mbebaji.

Maji ya kuelea yai yana chumvi kama sehemu 1 kwa 10. Ili upate kilo 1 unakausha lita 9. Kwa moto wa wazi nakadiria kilo 15 za kuni. Watu 60,000, kila mtu kilo 3 kwa mwaka, ni tani 180 za chumvi na tani 2,700 za kuni, kabla hamjauza hata mzigo mmoja nje. Kila mwaka msitu unarudi nyuma na mwendo wa kutafuta kuni unaongezeka. Mwenye msitu wa kuzunguka bonde ndiye anayeamua chumvi itoke kiasi gani. Kwenye rasimu yenu msitu hauna mwenyewe! Miaka 40 bila dola, na hakuna ukoo ulioushika? Haiwezekani.

Na wanawake msiwaweke pembeni kama mapambo. M'Siri alioa katika kila upande aliotaka kuushika; mke wake Maria da Fonseca alitoka kwa Wareno wa Angola, njia ya baruti hiyo. Kwa Waluba, mfalme akifa, makazi yake yaligeuka kitenta, na mwanamke, mwadi, ndiye aliyebeba roho yake na kusema kwa sauti yake. Mfalme mpya alijenga kwingine. Mrithi wenu anaingia kiti gani, ikiwa wa zamani bado anasema kupitia mdomo wa mwanamke mwenye kijiji chake na watu wake? Hapo kuna sura nzima, na hamjaigusa.

Mtu wa Bukavu
Salamu kutoka Kivu. Mnagombania watu wawili kama vile lazima mmoja ashinde. Ufalme wa Kongo ulipovunjika baada ya vita vya Mbwila dhidi ya Wareno, tarehe 29 Oktoba 1665, mfalme António I akiuawa, koo zilipigana hadi mji mkuu, Mbanza Kongo, ukaachwa tupu mwaka 1678. Mji mtupu ule ukawa na nguvu kuliko mji wenye watu: kila aliyetaka kuitwa mfalme alipaswa kuurudia, na kila aliyeogopa kuchomwa alikaa mlimani kwake. Waliothubutu kuingia na kukaa ni wafuasi wa Kimpa Vita, nabii msichana aliyechomwa moto Julai 1706. Mfalme Pedro IV akaushika mwaka 1709. Baada yake kiti kikapokezanwa na koo kubwa, na ufalme ukaendelea, dhaifu lakini upo.

Pendekezo langu: kiti kwa zamu. Ukoo wa chumvi, ukoo wa shaba, ukoo wa uwanda. Mgeni apewe njia, asipewe kiti.

Kilolo wa Ruashi
Kaka wa Bukavu, zamu inafanya kazi pale ambapo kiti hakina kitu kikubwa. Ukimpa mtu wa shaba zamu ya kwanza na ghala za chumvi zimo ndani ya kiti, atakufa lini? Watoto wake watahakikisha hafi, au hata akifa hatangazwi. Zamu inahitaji kwanza kuondoa ghala mikononi mwa mfalme.

Halafu neno moja la heshima. Mwant Yav yuko, Mwami wa Bayeke, kiti cha M'Siri, yuko, wana mabaraza na watu wao. Chukueni utaratibu, majina na vifaa vya kusimika waachieni wenyewe. Msimvike mfalme wa kubuni taji la mtu anayeishi.

Mchora-ramani
Hapo nakubaliana, na inanisaidia. Misalaba ya shaba, fedha ya zamani ya Katanga, lakini tuiweke. Ile iko hadi kwenye bendera ya Katanga ya 1960, ni ya wote. Tuseme msalaba mmoja kilo 1, mzigo ni misalaba 30. Jihadharini na jambo moja: makaburi ya Sanga, huko Upemba, yanaonyesha misalaba ikipungua ukubwa na kufanana zaidi kadiri karne zinavyopita. Kikianza kuwa fedha kinakuwa kidogo na cha kipimo kimoja. Hivyo miaka 40 baada ya Dola, misalaba mikubwa ya zamani iwe inafichwa kwa ajili ya mahari, na midogo ndiyo inayozunguka sokoni. Mfalme akidai kodi kwa mikubwa, amewavamia watu kwenye mahari zao. Uasi huo hauhitaji shujaa.

Mutoto ya Kenya
Njo pale mugeni anaingia. Anasema: mimi napokea midogo.

Mama wa Kamalondo
Na wanampenda kwa mwaka mmoja. Wa pili anadai kuni za bure.

Mwenye Mada (Lubumbashi)
Basi kwa kura zilizopo, sura ya nne inakwenda hivi. Mrithi anapata jina na kusimika watu. Mgeni anapata njia ya mashariki na sehemu 1 kwa 10 ya pembe na shaba zinazopita, si chumvi. Msitu unakuwa wa ukoo mmoja wa wanawake wachemshaji, na hakuna mfalme anayekata mti bila wao. Ghala ziko kila mwendo wa siku 2, zinajazwa na vijiji vilivyosamehewa ubebaji. Kitenta cha liwali wa zamani kinaingia, Mama, na wewe ndiwe utakayekiandika, ila kiitwe jina lingine.

Lililobaki wazi ni pipa la baruti. Kilolo anataka likae kwa watunza-kumbukumbu, Mutoto anataka likae kwa mgeni kwa sababu ndiye anayejua kulianika masika. Kura zimefungana 9 kwa 9. Asiyepiga bado apige, na aseme ufunguo uwe kwa nani siku mfalme anapokufa usiku na mgeni yuko mjini.