Naomba ushauri: baba ametuachia wosia na mali katika nchi mbili, tutafute wakili wa wapi?

Mtoto wa Pili (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa mirathi, na hasa kwa mawakili mliomo humu. Baba yetu alifariki miezi 3 iliyopita akiwa ameacha wosia uliopigwa chapa na kutiwa saini mbele ya mashahidi 2, na ndani yake ameniteua mimi kuwa mtekelezaji. Ameacha nyumba anayoishi mama, akaunti 2 za benki, mafao ya pensheni, na kiwanja alichonunua katika nchi jirani wakati alipokuwa akifanya kazi huko. Kaka yangu mkubwa anasema kwamba wosia unajieleza na sisi hatugombani, kwa hiyo tugawane wenyewe, na fedha ambayo tungempa wakili imfae mama. Ninamheshimu kaka na ninajua nia yake ni njema, lakini moyo wangu hautulii.

Mambo mawili yananinyima usingizi. La kwanza, mmoja wa mashahidi ni mume wa dada yetu, na dada mwenyewe ameachiwa sehemu katika wosia huo. La pili ni kosa langu: nilipokwenda kutoa nakala niling'oa pini iliyoshika kurasa zake 4 ili zilale vizuri kwenye mashine, kisha nikazibana upya kwa pini nyingine. Sasa kwenye kona yanaonekana matundu 4 badala ya 2. Je, nimeuharibu wosia wa baba?

Karani Mstaafu

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Nimepokea nyaraka za mirathi kwa miaka mingi, na nakuomba usiyadharau matundu hayo, lakini pia yasikutie hofu. Anayepokea wosia huangalia kona ya karatasi mapema sana, kwa sababu pini iliyong'olewa huzua swali moja: je, kuna ukurasa uliotolewa, au uliochomekwa baadaye? Wosia haubatiliki kwa pini. Kinachotakiwa ni kiapo cha maandishi ambamo utaeleza siku uliyoing'oa, sababu yake, na kwamba kurasa zote ni zilezile ulizozikuta. Kama kuna mtu aliyekuwa nawe pale kwenye mashine, naye aape.

Kuanzia leo usiuguse tena. Usiutoboe, usiandike chochote juu yake, wala usiubane pamoja na cheti cha kifo kwa klipu, maana hata alama ya klipu iliyokwaruza karatasi huulizwa. Utie kwenye bahasha kubwa usiyohitaji kuikunja, na nakala ulizotoa ndizo ziwe za kusomwa na familia.

Wakili Mshauri

Ndugu mleta uzi, pokea pole zangu. Nitajibu kwa ujumla, kwa kuwa sijauona wosia wenyewe.

Suala la shemeji yako ni zito kuliko la pini. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, ambayo mzizi wake ni Sheria ya Wosia ya mwaka 1837, shahidi au mwenzi wa shahidi hapati kile alichoachiwa, ingawa wosia unabaki halali kwa mambo mengine yote. Uingereza ililegeza jambo hili mwaka 1968: wakiwepo mashahidi wengine wa kutosha bila yeye, sehemu haipotei. Ninyi mnao 2 tu, kwa hiyo nafuu ya namna hiyo isingewasaidia. Hata hivyo, warithi wengine waliotimiza umri wa utu uzima wanaweza kukubaliana kwa hiari kumpa dada kile ambacho baba alimkusudia, na makubaliano hayo yaandikwe na wakili na kutiwa saini na kila anayeachia sehemu yake.

Kuhusu wakili wa wapi, kanuni iliyozoeleka ni kwamba ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Fedha na vitu vinavyohamishika, kwa kawaida, hufuata sheria ya nchi ambayo marehemu aliifanya kuwa makazi yake ya kudumu. Wakili wa kwenu atawaombea hati ya mahakama inayomtambua mtekelezaji, lakini msajili wa ardhi wa nchi ile hatabadilisha jina la kiwanja kwa kuonyeshwa hati ya mahakama ya kigeni peke yake. Baadhi ya nchi, hasa za Jumuiya ya Madola, hukubali hati iliyotolewa kwingine ipigwe muhuri na mahakama yao, na nyingine hudai maombi mapya kabisa. Jambo hilo anayelijua vizuri ni wakili anayefanya kazi kule kiwanja kilipo. Kwa hiyo mnahitaji wawili, na yule wa pili ni kwa kazi hiyo moja tu.

Msisahau kuuliza pia kama nchi ile ina fungu la lazima kwa watoto au mjane. Ufaransa, kwa mfano, humtengea kila mtoto sehemu ambayo mzazi hawezi kumnyang'anya kwa wosia, na katika sheria ya Kiislamu wosia hauvuki theluthi moja ya mali bila ridhaa ya warithi.

Mafao ya pensheni yatazameni kando. Mara nyingi hulipwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu ya mfuko, na wosia hauyagusi.

Binti wa Mwisho

Dada au kaka, naomba umsomee kaka yako haya. Sisi tuliona wosia uko wazi, tukagawana ndani ya wiki 6. Mwezi wa 5 akaja mdai wa marehemu akiwa na mkataba wenye saini halali. Fedha ilikuwa imekwisha kutumika, wengine kwa karo, wengine kwa matibabu, na aliyegawa ndiye aliyedaiwa. Alilipa kutoka mfukoni mwake kwa miaka 2, na mpaka leo hakai meza moja na baadhi yetu.

Wakili Mshauri

Binti wa Mwisho ameeleza kwa maisha yake kile nilichotaka kukiandika kwa lugha ya sheria. Utaratibu ni gharama za mazishi na za usimamizi kwanza, kisha madeni na kodi, ndipo warithi. Tangazo kwa wadai likitolewa na muda wake ukaisha, mtekelezaji anayegawa baada ya hapo ana kinga. Anayeshika mali kabla ya hati hana kinga hiyo, hata kama ndugu wote wamekubaliana.

Muulizeni wakili kabla ya kumpa kazi kama ada yake ni kiasi maalumu au asilimia ya thamani ya mali, na kama inajumuisha hesabu ya mwisho. Jibu lake liwe katika maandishi. Na mama, akiwa tayari, aandike wosia wake kwa wakili huyohuyo, kwa mashahidi wasio warithi wala wenzi wa warithi.

Mtoto wa Pili (mleta uzi)

Asanteni sana, na Mungu awabariki. Jana usiku nilimsomea kaka uzi huu wote. Nilipofika kwa Binti wa Mwisho aliniomba nirudie, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Dada naye amelia, lakini amesema afadhali amelijua sasa kuliko kulisikia mahakamani. Miadi na wakili ni Jumatatu. Nimeandika siku niliyong'oa pini na jina la kijana aliyekuwa kwenye mashine, na kaka ameomba yeye ndiye aibebe bahasha.