Nyumba ya marehemu baba mkwe Lushoto: tuanze na lipu, paa au shamba?

Mama Wawili

Ndugu zangu, habari za humu. Mimi na mume wangu tulihamia kijijini kwao, wilayani Lushoto, mwezi Januari pamoja na watoto wetu wawili, baada ya mkataba wake wa kazi Dar es Salaam kumalizika. Tunaishi katika nyumba aliyoijenga marehemu baba mkwe miaka ya 1960, yenye msingi wa mawe, kuta nene za tofali mbichi na mabati yaliyokwisha kuwa mekundu kwa kutu. Wakati wa masika tulitega ndoo 5 katika chumba cha watoto, na mdogo alizizoea hata akawa anajua kwa mlio ni ipi imejaa.

Kinachonisumbua zaidi ni kuta. Miaka kadhaa iliyopita ndugu walizipiga lipu ya saruji ndani na nje ili nyumba ipendeze kwa ajili ya harusi. Sasa lipu hiyo imevimba kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, inabanduka kwa mapande, na udongo ulio nyuma yake una majimaji hata mwezi huu wa Agosti. Juu kidogo ya hapo kuna unga mweupe unaorudi kila ninapoufuta. Fundi tuliyemwita ameshauri tubandue yote, tupige lipu nyingine ya saruji nzito zaidi, kisha tupake rangi ya mafuta.

Akiba iliyobaki ni shilingi milioni 6, na humo humo inapaswa kutoka mbegu, mbolea na chakula mpaka tutakapovuna. Shamba ni ekari 2 za mteremko, na mpaka sasa tumelima mchicha tu nyuma ya jiko. Naomba ushauri wa waliowahi kukarabati nyumba za namna hii: fedha ianzie wapi?

Fundi Mstaafu

Mwanangu, usimruhusu fundi huyo aguse ukuta. Tofali mbichi hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kupitia uso wake, na ndiyo maana nyumba ya mzee ilisimama miaka yote hiyo bila shida. Saruji ilipokuja kuziba uso huo, maji yalikosa pa kutokea, yakawa yanapanda na kujikusanya nyuma ya lipu hadi yakaisukuma. Ule unga mweupe ni chumvi ya udongo inayobaki maji yanapokauka. Ukipiga saruji nzito zaidi na kuifunika kwa rangi ya mafuta, unyevu utapanda juu zaidi, na safari hii utaukuta usawa wa dirisha.

Chukua mpini wa mwiko ugonge lipu taratibu kuanzia chini kwenda juu. Panapolia kama debe tupu, pamekwisha kuachana na ukuta na patatoka kwa mkono. Panapolia kizito pengine bado pameshika, napo usipalazimishe kwa nyundo, maana saruji iliyoshika hung'oka na nusu ya tofali. Ukishabandua, uache ukuta wazi ukauke kwa wiki kadhaa. Kisha ziba mashimo kwa udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, na umalizie kwa lipu ya chokaa, ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga safi. Watoto wakae mbali wakati wa kuchanganya, kwa sababu chokaa huunguza macho.

Kabla ya hayo yote, toka nje ukaangalie udongo uliozunguka nyumba. Je, uko chini ya sakafu au umeipita?

Mkulima wa Milimani

Shemeji, karibu sana kwetu. Fundi Mstaafu amesema la ukuta, nami naongeza la paa, kwa kuwa haya mawili ni jambo moja. Kila milimita 1 ya mvua huangusha lita 1 kwenye kila mita ya mraba ya paa. Ikiwa paa lenu linafunika mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10 tu inamwaga lita 1,000 kwenye mchirizi, yaani palepale chini ya ukuta unaoulalamikia. Mabati, gata na tanki viwe vimekamilika kabla ya vuli kuanza mwezi Oktoba. Mkinunua bati, kumbukeni kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30, na fundi akague kenchi zote, yaani mbao zinazobeba paa, kwanza, maana mchwa hula mbao kwa ndani na kuacha ganda zima.

Shambani msikimbilie kabeji kwa sababu jirani amepata fedha nayo msimu uliopita. Watu wote wakivuna pamoja, dalali ndiye anayepanga bei. Kwa vuli hii pandeni maharage ya kula na viazi kidogo, robo ekari inatosha kujifunza. Fedha ambayo faida yake haionekani mara moja iwekeni kwenye matuta yanayofuata kontua, yaani yanayokata mteremko kwa usawa mmoja, mkiotesha matete kingoni ili yashike udongo na kulisha ng'ombe mtakapompata. Majani ya vichaka vya tughutu vilivyojiotea mipakani msiyachome moto, wazee wetu huyafukia shambani kama mbolea. Jambo la mwisho: kama kuna ndugu anayelima kipande cha shamba hilo tangu mzee alipofariki, mwacheni avune kwanza ndipo mzungumze.

Mama Wawili

Nawashukuru sana, baba na shemeji. Jana tuligonga kuta, na karibu upande wote wa nyuma unalia debe tupu. Mume wangu alichimba kando ya ukuta huo akakuta udongo umeipita sakafu kwa shubiri nzima, kwa kuwa miaka yote majivu na takataka za jikoni zilikuwa zikimwagwa hapo, na chini kabisa akakutana na mfereji wa mawe ambao hata yeye hakujua kwamba baba yake aliujenga. Leo tumeondoa udongo mita 4, na maji machafu meusi yameanza kutiririka kuelekea mgombani. Fundi wa lipu tumemwambia asubiri. Swali langu lililobaki ni moja: mfereji huo tuuache wazi au tuujaze kokoto?

Fundi Mstaafu

Mwaka huu uacheni wazi, ili muone maji yanapita wapi wakati wa vuli. Wekeni mbao ya kuvukia mlangoni, watoto wasije wakatumbukia.