Mjadala: Je, kiwanda kiruhusiwe kusogeza mbele tarehe ya kuzima mtambo kwa ukarabati mkuu?

Mpangaji

Swali ni hili. Mtambo wa kusafisha mafuta, wa mbolea au wa kemikali umefikisha mwaka wa kuzimwa kwa ukarabati mkuu. Je, sheria imruhusu mwenye kiwanda kuusogeza mbele kwa kuwa hesabu zinaonyesha vyuma bado vina uhai, au tarehe ikishaandikwa ibaki hivyo hivyo?

Mimi nasema aruhusiwe. Kutu haifuati kalenda. Chukua gamba (ukuta wa chuma) la chombo cha shinikizo, yaani tangi lililofungwa linalobeba gesi au kimiminika chenye msukumo mkubwa, lenye unene wa milimita 9.5, huku unene wa chini unaokubalika ukiwa 7.1, na kutu inakula milimita 0.2 kwa mwaka. Uhai uliobaki ni miaka 12. Kanuni ya API 510, ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, inataka chombo kikaguliwe ndani kabla ya kupita nusu ya uhai huo au miaka 10, lolote litakalotangulia. Hapo tunapata miaka 6. Ukikifungua kila baada ya miaka 3 kwa mazoea, unawaingiza watu ndani ya chombo kufanya kazi ambayo chuma chenyewe hakijaihitaji. Wakati huohuo bomba jembamba lenye kona tatu, linaloliwa kwa kasi kubwa zaidi, linasubiri zamu sawa na chombo hicho kinene. Ukaguzi unaofuata hatari hupima mambo mawili, uwezekano wa kupasuka na ukubwa wa madhara, kisha hupeleka nguvu pale vyote viwili vinapokuwa juu. Huo ndio utaratibu wa haki kwa wafanyakazi na kwa majirani.

Mkaguzi wa Vyuma

Ndugu Mpangaji, hesabu yako ni sahihi. Ninachouliza ni hiyo 0.2 umeitoa wapi. Ni wastani wa miaka iliyopita, kwa malighafi ya miaka iliyopita. Kiwanda kikianza kununua mafuta ghafi yenye salfa nyingi zaidi kwa sababu ni nafuu, kasi inaweza kufika 0.4. Basi uhai wako wa miaka 12 umekuwa 6, na nusu yake ni 3. Baada ya miaka 5 gamba lako lina milimita 7.5, yaani kutoka kwenye mpaka limebakiza chini ya nusu milimita, na karatasi bado inasema kuna nafasi ya kutosha.

Tatizo la pili ni mahali unapopima. Angalia kiwanda cha kusafisha mafuta cha Richmond, California, tarehe 6 Agosti 2012. Bomba la inchi 8 kwenye mtambo wa mafuta ghafi lilipasuka. Lilikuwa limeliwa na salfa ya moto, lakini si kwa usawa: kipande kimoja kilikuwa na silikoni kidogo kuliko majirani zake, kikaliwa haraka zaidi. Vipimo vya unene vilikuwa vikichukuliwa kwenye nukta chache, na kipande hicho hakikuwamo. Wataalamu wa kutu wa kiwanda chenyewe walikuwa wamependekeza kila kipande kipimwe, na haikufanyika. Wafanyakazi 19 walizingirwa na wingu la mvuke wa mafuta wakaponea chupuchupu, na wakazi wapatao 15,000 wa maeneo ya jirani walikwenda kutafuta matibabu katika wiki zilizofuata. Hesabu ya hatari iliyojengwa juu ya nukta hizo ingetoa jibu zuri na la uongo.

Tena kuna uharibifu ambao kipimo cha unene hakiuoni kabisa. Anacortes, jimbo la Washington, tarehe 2 Aprili 2010: kibadilisha joto (chombo kinachohamisha joto kutoka kimiminika kimoja hadi kingine) cha mtambo wa nafta, yaani mafuta mepesi, kilipasuka na kuua watu 7. Chuma hakikuwa kimepungua unene. Haidrojeni ya moto ilikuwa imepenya ndani yake, ikaungana na kaboni ya chuma, ikaacha nyufa. Kwa mujibu wa chati iliyokuwa ikitumiwa na tasnia nzima, chuma kile kilikuwa upande salama. Chati ilikosea, na mwaka 2016 ikaongezewa mstari wa chini zaidi kwa chuma cha kaboni kilichochomelewa bila kupashwa joto baadaye. Kwa hiyo ukiniambia hesabu inaruhusu, nitakuuliza kwanza: chombo hiki kimewahi kufunguliwa na mtu aliyekuwa akitafuta aina hii ya uharibifu?

Mwendesha Mtambo

Mnazungumza kana kwamba kuzima ndio usalama na kuendelea ndio hatari. Kwetu sisi tunaoshika vali, saa zenye hatari kubwa kuliko zote ni za kuzima na za kuwasha.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005: watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa wakati mtambo ukiwashwa baada ya ukarabati. Mnara ulijazwa kimiminika kupita kiasi. Kipima kiwango kilisoma sehemu ya chini tu ya mnara, na tena kilisoma vibaya; kengele ya kiwango cha juu haikulia. Mafuta yalifurika hadi kwenye bomba refu la kutolea hewa, lisilo na mwali wa kuyachoma, yakamwagika chini. Wote 15 walikuwa wafanyakazi wa makandarasi waliokuwa ndani au karibu ya vibanda vya muda, vilivyowekwa pale kwa ajili ya ukarabati wa mtambo wa jirani. Kumbukeni hilo: ukarabati wenyewe ndio ulioleta watu karibu na hatari.

Kuzima kunaharibu chuma pia. Kwenye mitambo ya kuondoa salfa, mabomba ya tanuri ya chuma kisichoshika kutu hujivika utando wa salfaidi (muungano wa salfa na chuma). Mtambo ukiwa moto, utando huo hauna neno. Ukizimwa na kufunguliwa, hewa na unyevu huugeuza kuwa asidi ya polithioniki, nayo hupasua chuma hasa karibu na michomeleo. Kinga ni kuosha kwa maji ya magadi ya takriban asilimia 2, yenye kloraidi kidogo sana, kabla hewa haijaingia, kisha kuacha magadi yakauke juu ya chuma bila kusuuza. Ratiba ikibanwa, hatua ya kwanza kukatwa ndiyo hiyo, maana haionekani kwa macho. Kwenye minara, salfaidi ya chuma ikikauka hewani hujiwasha yenyewe, na vijazo vyembamba vya ndani huungua. Ni lazima ibaki imelowa hadi itolewe nje.

Kwa hiyo kila uzimaji mmoja usio wa lazima mnaoufuta, mnatuondolea kushuka kumoja na kupanda kumoja. Namuunga mkono Mpangaji.

Mkaguzi wa Vyuma

Hayo yote ni kweli, ndugu, ila usisahau kwamba mtambo usiozimwa kwa hiari utazimika wenyewe. Kuzimika kwa dharura hakuna kuosha kwa magadi, hakuna kupoza polepole, hakuna vipuri vilivyoagizwa.

Fundi wa Flanji

Naona pande zote mbili mmeruka jambo moja. Tarehe ikisogezwa, maandalizi huoza.

Orodha ya kazi ya ukarabati mkuu hufungwa miezi mingi kabla. Bando la mirija ya kibadilisha joto au rota ya kompresa huagizwa mwaka mzima au zaidi kabla. Makandarasi hufungiwa tarehe. Vibali vya kazi, michoro ya kutenga mabomba na hesabu za kunyanyua mizigo hutayarishwa kwa hali ya mtambo ya siku ile. Ukisogeza miezi 12, wachomeleaji wenye vyeti mliowategemea wako kwingine. Orodha ya sahani za kuziba (bamba za chuma zinazowekwa kwenye kiungo ili kulifunga bomba) haiwiani tena na mabomba yaliyobadilishwa katikati. Na kazi ndogo ndogo zilizosubiri zimeongezeka mpaka siku 30 zilizopangwa hazitoshi. Hapo ndipo haraka inapozaliwa.

Haraka ikija kwenye flanji, yaani kiungo cha mabomba kinachofungwa kwa bolti, inaonekana hivi. Bolti zinatakiwa kukazwa kwa mpangilio wa nyota: kwanza asilimia 30 hivi ya nguvu kamili, kisha 60, kisha 100, halafu kuzunguka moja baada ya nyingine hadi nati isisogee tena. Kwa viungo muhimu, baada ya saa 4 mzunguko hurudiwa kwa sababu gasketi (kizibo kilicho katikati ya kiungo) imekaa na bolti zimelegea. Fundi mwenye flanji 40 za kumaliza kabla ya alfajiri atakwenda moja kwa moja hadi 100, upande mmoja kwanza. Gasketi itabanwa kombo. Jaribio la maji baridi litapita. Siku ya kuwasha, bomba likipata joto, itavuja. Sahani za kuziba nazo zina shida yake: kila moja iwe na namba, unene unaolingana na shinikizo, na saini mbili, ya kuweka na ya kutoa. Unene wa sahani ndio unaopuuzwa zaidi. Watu hukata bamba lolote lililo karibuni, na shinikizo la upande wa pili hulipinda.

Kuna na lile la kubandika viraka ili tarehe isogee. Kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, 1974: tangi la 5 kati ya matangi 6 lilipata ufa. Likaondolewa, na la 4 likaunganishwa na la 6 kwa bomba la muda la inchi 20 lenye mipindo miwili, kati ya viungo vinyumbukavyo, likiwa limeegemea jukwaa la mabomba ya ujenzi. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki sakafuni. Matangi mengine hayakukaguliwa kwa kina kujua kama nayo yana ufa. Tarehe 1 Juni bomba lile lilikatika, watu 28 wakafa.

Mpangaji

Nakubali hoja ya nukta za kupimia, na nakubali ya viraka. Basi nibadilishe pendekezo langu: isiwe ruhusa huria. Uingereza, kwenye kanuni za mifumo ya shinikizo za mwaka 2000, ukaguzi unaweza kuahirishwa mara moja tu, kwa makubaliano ya maandishi na mkaguzi mwenye sifa, iwapo hakutazaliwa hatari, na mamlaka ijulishwe kwa maandishi kabla ya tarehe yenyewe kufika. Kwangu hilo linatosha, nikiongeza masharti mawili: ombi lolote lenye kibano au kiraka cha muda kwenye bomba la kimiminika kinachowaka likataliwe papo hapo, na malighafi ikibadilika, kasi ya kutu ihesabiwe upya kabla ya ombi kusomwa.

Afisa Usalama

Ongeza la tatu: mkaguzi huyo asiwe chini ya meneja wa uzalishaji. Na wakazi wanaoishi kando ya uzio waambiwe tarehe ya zamani, tarehe mpya na sababu. Hewa ni yao pia.

Mkaguzi wa Vyuma

Kwa masharti hayo nitatia saini kwa vyombo vilivyowahi kufunguliwa na kupimwa, basi. Chombo kinachobeba haidrojeni ya moto ambacho hakijawahi kutafutwa nyufa, sitii. Vali za usalama, zinazofunguka zenyewe shinikizo likizidi, pia sitii: muda wake wa kawaida ni miaka 5 kwa huduma za kawaida, 10 kwa kitu kisafi kisichoganda wala kula chuma. Vali iliyokwama kwa uchafu haina hesabu ya kuitetea.

Mpangaji

Vali za usalama zisitufunge. Weka mbili sambamba, na kiteuzi (vali ya kubadilisha njia) kinachohakikisha moja iko wazi muda wote. Ya pili inatolewa, inapelekwa benchi, inajaribiwa shinikizo la kufungukia kabla haijasafishwa ili tujue ilikuwa katika hali gani, kisha inarudi, mtambo ukiwa kazini. Kazi ya kuongeza hizo pacha ndiyo ingekuwa ya kwanza kwenye orodha ya uzimaji unaokuja.

Mkaguzi wa Vyuma

Na hadi hizo pacha ziwekwe, tarehe ya vali ndiyo tarehe ya mtambo. Hapo sisogei.