Re: Ofisi ya chuo imenikatalia STEM, OPT inaisha Agosti

Rehema, Minneapolis:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina masters ya fedha, OPT yangu, kile kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, naifanyia kazi ya uchambuzi wa fedha. Juzi nimepeleka I-983, fomu ya mpango wa mafunzo ya kuombea nyongeza ya OPT kwa waliosoma STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), bosi kashasaini, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikanirudishia siku hiyohiyo: I-20 yangu, ile hati ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, inasoma msimbo wa kozi 52.0801, si STEM. Mwenzangu wa meza ya pili anafanya kazi ileile, ila chuo chake kiliandika 30.7104, ambayo ni STEM, kaongezewa miezi 24. Huu msimbo hauwezi kubadilishwa? Na nikianza CFA, ile mitihani ya wachambuzi wa fedha, itanisaidia?

Baba Neema, Houston:
Pole sana mwanangu. CFA anza, utajua kazi. Wengi wanadhani mchambuzi wa fedha anashinda akitazama bei za hisa. Mimi niko kampuni ya mabomba. Wahasibu wakishafunga vitabu vya mwezi, nalinganisha bajeti na kilichotumika, halafu nampigia msimamizi wa karakana: mbona ovataimu imepanda? Jibu lake ndilo ripoti yangu. Excel ni jembe, shamba ni kuuliza watu. Kijana anayejiandaa achukue 10-K, yaani ripoti ya mwaka, ya kampuni yoyote iliyo kwenye soko la hisa, ni bure, aunganishe mapato, mizania na mtiririko wa fedha. Akigusa mauzo na mizania ikaendelea kusawazika, hapo yuko tayari kwa usaili.

Mwanamvita, Columbus:
Baba Neema, kwa heshima zote, hakuuliza kazi ni nini, anaifanya. Na CFA haiongezi hata siku moja ya kukaa nchini, tusimpoteze. Ni ngazi 3, na juu yake saa 4,000 za kazi kwa muda usiopungua miezi 36. Ataimaliza lini, na Agosti ndiyo hiyo? Rehema, shahada ya kwanza ulisomea wapi? Shahada ya STEM ya zamani hutumika kama haijapita miaka 10.

Rehema:
Mlimani, dada. Takwimu.

Mwanamvita:
Basi haihesabiki. Lazima iwe ya chuo cha hapa Marekani.

Chande, Dallas:
Mdogo wangu aliambiwa ya nyumbani inahesabika.

Mwanamvita:
Aliyemwambia kakosea. Tafadhali tusimpe mtu tetesi wakati siku zake zinahesabika.

Mzee Kitwana, Silver Spring:
Wanangu, inaniuma. Binti kasoma takwimu Mlimani, kichwa anacho, na maisha yake yameshikwa na tarakimu sita kwenye karatasi. Nyumbani nako mwenye pasi ya hapa anapewa hadhi maalum, si uraia. Wakenya wana uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Sisi tunangoja nini? Mimi nilirudisha pasi yangu ya Tanzania kwa mkono wangu, na mpaka leo nikiona ile nembo ya mwenge moyo unashtuka.

Chande:
Mzee umenigusa. Mama yangu yuko Muheza, kila simu ananiuliza machungwa ya msimu huu nitayala au nitahadithiwa.

Rehema:
Wangu yuko Pongwe, naye ni hivyohivyo. Nimemwambia nitakuja Desemba, sijui kama nitaweza. Wakubwa, lakini msimbo anaubadilisha nani? Chuo, au niandike kwingine?

Baba Neema:
Mwanangu, nitumie barua pepe nikupe ile Excel yangu ya bajeti. Na Pongwe ipi, ya barabara ya Muheza? Shangazi yangu kaolewa hapo.