Ndoo moja ya maji ingetosha! Mtu kaazima detekta yangu, kaipeleka baharini kwa siri, kairudisha imeliwa na chumvi

Wakuu habarini. Leo nina hasira na siwezi kulala nazo, bora niandike.

Mi niko Ilemela hapa Mwanza. Nina detekta, zile mashine za kutafutia dhahabu na vyuma, nilinunua kwa milioni 2 na laki 3 na hiyo hela nilidunduliza mwaka na zaidi. Ndo inanilisha. Mvua zikikata naenda nayo Geita vijijini natafuta vipande kwenye mashamba kwa kuelewana na wenye mashamba, na nikiwa mjini wavuvi wa Igombe na Kirumba wananiita propela ikidondoka au nanga ikikatika kamba, naingia mpaka kiunoni napapasa nayo chini. Inaruhusiwa kuzama mpaka mita 3. Imeingia ziwani sijui mara ngapi na haijawahi kuniangusha hata siku moja.

Sasa kuna mshkaji wangu, tumekua wote, akaniomba siku 10. Kaniambia anaenda Kahama. Nikampa, na nikamwambia kwa mdomo wangu, ukiishika hii kitu shika kama mtoto, na ukiitia kwenye maji yoyote isuuze. Siku ya nne akanipigia, "Oya mashine yako ina shida, inalia yenyewe, nikiinua inanyamaza nikiishusha mchangani inapiga kelele." Nikamwambia punguza sensitiviti. Mjinga mimi sikushtuka! Mchanga mkavu wa Kahama haulizi mashine hivyo. Mashine yangu inatumia frikwensi moja, na mchanga uliolowa maji ya bahari unapitisha umeme vizuri sana kwa sababu ya chumvi, kwahiyo mashine inauona kama chuma kila ukipitisha koili, lile duara la chini linalohisi vyuma. Ndo maana wanaopiga beach wanatumia zile za frikwensi nyingi kwa pamoja au za palsi, zinazotuma umeme kwa mapigo. Yani alikuwa ananipigia akiwa Kigamboni, miguu iko majini, ananiambia yuko Kahama.

Siku 10 zikawa wiki tatu. Akaja kuiacha dukani kwa wife mimi sipo, imefungwa kwenye nailoni ngumu kama zawadi, imezungushiwa selotepu. Kumbe ndani ya ile nailoni ilikuwa imefungwa na unyevu wake, inaendelea kuoza taratibu.

Nimefungua usiku, mezani, na tochi ya simu. Kwanza ule mpini, yale mabomba mawili ya alumini yanayoingiliana, hayatoki. Nimebana moja kwa miguu nikazungusha lingine mpaka viganja vimechubuka, yalipotoka ndani kuna unga mweupe umegandamana kama magadi. Nikaulamba kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Sisi ziwa letu ni maji baridi, unayachota unapikia, chumvi imetoka wapi? Nikatoa kava ya chini ya koili, kati ya kava na koili kuna tabaka la mchanga mweupe laini, sio huu wetu, na katikati kuna kikauri, lile kombe la baharini, kidogo kama punje ya mchele. Kauri! Kahama kuna kauri wakuu?

Tundu la hedifoni limeota ukijani mpaka nje. Soketi ya koili ina pini 5, nilipochomoa zimetoka 4, moja imekatikia ndani.

Nikampigia saa tano usiku. Hakubisha hata, kaniambia "Si uliniambia ni mashine ya majini? Sasa unalalamika nini?" Hilo jibu ndo limeniuma kuliko hata pini.

Kuzuia maji ni kitu kimoja, kuvumilia chumvi ni kitu kingine kabisa. Lita moja ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Maji yakikauka chumvi haiendi popote, inabaki kwenye skrubu, kwenye pini, kwenye spring. Na chumvi ya bahari inavuta unyevu, mnaijua ile ya jikoni inavyolowa masika, sasa piga picha iko kwenye shaba na hewa ya hapa ziwani. Kila usiku inalowa, kila usiku inakula. Na pale skrubu ya stili inapogusana na bomba la alumini kukiwa na maji chumvi panakuwa kama betri ndogo, alumini ndo inayoliwa, ndo ule unga. Chumvi inatunza kayabo, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, pale soko la samaki mwaloni, shaba haitunzi.

Na ilikuwa ni kazi ya dakika kumi! Ukitoka baharini, siku hiyohiyo, kabla haijakauka, ndoo ya maji yasiyo na chumvi. Unaiacha kwanza ipoe kivulini, kwa sababu ikiwa imepigwa na jua ukaitumbukiza ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye raba. Mpini unautenganisha wote, kava ya koili unaitoa, unaloweka, unabadilisha maji. Usiende nayo karwashi, ile presha inasukuma maji ndani. Unakausha kivulini, na mlango wa betri unaufungua ukishahakikisha nje pakavu, betri unatoa. Oringi, ile pete ya raba inayozuia maji, unaifuta kwa kidole, chembe moja ya mchanga au unywele inatosha kupitisha maji, unapaka grisi ya silikoni kidogo, sio ile ya magari wala mafuta ya kujipaka, baadhi ya raba zinavimba. Basi. Hakuna utaalamu hapo.

Kuna watakaosema watu wa ziwani hatujazoea. Ni kweli kwa kiasi fulani, wavuvi wetu hapa boti ikiingia injini inazimwa na kuachwa hivyohivyo, wakati wenzetu wa pwani wanajua kusuuza injini kwa maji yasiyo na chumvi. Ningemsamehe kama asingejua. Lakini nilimwambia! Na angeniambia ukweli kuwa anaenda bahari ningemwelekeza kila kitu, au ningemkatalia na tungebaki marafiki.

Fundi wangu pale Mlango Mmoja kafungua boksi leo asubuhi, kasafisha kwa spiriti na mswaki, kasema bodi imepona kwa sababu oringi za juu zilikuwa nzima, nashukuru Mungu. Tundu la hedifoni na soketi anabadilisha. Koili imekufa, ukiitikisa inasikika maji. Kwahiyo msimu huu wa Geita nimeshaukosa, na jana mzee mmoja wa Igombe kanipigia kuhusu propela yake nikamwambia sina mashine, kaguna tu akakata.

Mnaonunua detekta zilizotumika kutoka Dar na Tanga, chomoeni koili muangalie pini, toeni kava, tenganisheni mpini mbele ya muuzaji. Akikwambia mpini "umekaza kidogo" rudisha hela mfukoni.

Mwenye koili ya inchi 11 nzima, Mwanza, Geita au Shinyanga, anichek inbox. Na wewe bwana, najua humu unapita kila siku. Laki 6 na elfu 40 ya koili, laki 1 na elfu 20 ya fundi. Tarehe 30, mkononi, na uje mwenyewe, usimwachie wife dukani.